Hesabu za Watu Wasiosemezana

Mwaka jana, majira ambayo watu wa kwetu wanapura alizeti, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la waliosoma kwa mwalimu. Aliyeutuma alikuwa amesikia habari kutoka kwa mama yake, ambaye ni jirani wa mwalimu pale Kiomboi. Aliandika kwamba mwalimu haoni vizuri tena, jicho la kulia limekuwa jeupe na la kushoto linafifia. Madaktari wa macho huwa wanakuja hospitali ya pale kila baada ya miezi kadhaa. Anahitajika mtu mmoja wa kumpeleka, kulala naye hospitali siku tatu nne na kumtia dawa akishapasuliwa. Mtu mmoja tu, la sivyo macho yatakwisha.

Kundi letu lina watu themanini na tatu. Ndani ya saa moja zilishuka pole, mikono ya kuomba, na mmoja akaweka picha ya ua jekundu. Mimi nami niliandika pole, nikaweka simu chini nikaendelea na kazi. Nilijua kabisa kwamba kati ya watu themanini na tatu mmoja atakwenda.

Lakini nisijisingizie ubaya kuliko nilivyo. Baada ya wiki mbili dhamiri ilinisumbua, nikampigia. Akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ile ile ya zamani. Nikamuuliza, mwalimu, una mtu wa kukupeleka? Akasema, "Usihangaike, binti. Yuko kijana wa Ihanja anakuja Ijumaa." Nilimjua huyo kijana, tulisoma naye darasa moja. Nikashukuru Mungu, na usiku ule nililala vizuri.

Jina la mwalimu silitaji. Shule yetu ilikuwa na walimu kumi na wanane, na wote walikuwa na majina na lakabu, ila ukisema "mwalimu" peke yake bila kuongeza neno, hata mpishi alijua unamsema nani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali, na mfuko wa kifuani umejaa vipande vya chaki ambavyo walimu wengine wangevitupa. Alikuwa anaviokota baada ya vipindi vya wenzake. Mimi sijawahi kumwona na chaki nzima.

Siku za kawaida alitufundisha hesabu za kidato cha tano na sita, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Tulisinzia, na yeye hakutugombeza. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Tukishamaliza usafi alituita kwenye bwalo, kabla wapishi hawajaanza kupanga meza, akageuza ubao wa menyu nyuma mbele, na hapo akafundisha kwa Kiswahili kitu alichokiita hesabu za watu wasiosemezana. Hakuna mtihani uliowahi kuuliza mambo hayo. Tulianza watu kumi na wawili tukafika arobaini, na wengine, tusidanganyane, walifuata vichekesho tu.

Alikuwa na vitabu viwili vya somo hilo, vya Kiingereza, vimejaladiwa kwa gazeti, na kila neno alilihangaikia mpaka alipate la kwetu. Mchezo, alisema, ni jambo lolote ambalo utakachopata hakitegemei wewe peke yako, kinategemea na wengine watafanya nini, na hakuna kamba wala kiapo cha kuwafunga. Halafu kuna mahali pa kutulia. Ukifika mahali ambapo kila mmoja, akitazama wenzake walivyosimama, anaona hana faida ya kuhama peke yake, basi hapo pametulia. Alikuwa akilisema hilo taratibu, kisha anainua kidole chenye vumbi la chaki. "Sikusema pazuri. Nimesema pametulia."

Mfano wake wa kwanza ulikuwa mtama. Mtu yeyote wa Iramba anajua kwamba mtama wako ukiiva kabla ya wa majirani, kwelea kwelea wote wa tarafa watahamia kwako. Ukiiva pamoja na wa wenzako, ndege wanagawanyika, na kila nyumba inabaki na chakula chake. Sasa kulikuwa na mbegu ya muda mfupi, nzuri, inayowahi kabla mvua haijakata. Kijiji kizima kikiipanda, wote wanashiba. Kijiji kikibaki na mbegu ya zamani, hakuna wa kuhama peke yake, maana atakayehama ataliwa na ndege. "Kuna mahali pawili pa kutulia," alisema, "na sisi tumetulia kwenye pabaya. Mnaona? Hakuna mjinga hapo. Kila mtu ana akili timamu na wote wana njaa."

Lilikuwa somo zuri, niliandika kila neno. Na msimu uliofuata, mtu huyu huyu, aliyetuonyesha kwa chaki kwamba anayehama peke yake anaumia, alipanda ekari mbili za ile mbegu fupi, peke yake. Mtama uliiva wa kwanza. Ndege walishuka asubuhi moja, mpaka rangi ya shamba ikabadilika. Tulikwenda wanafunzi sita kumsaidia kuwafukuza, tukapiga madebe tangu alfajiri mpaka sauti zikakauka, na jioni hakukuwa na suke lenye kitu.

Mke wake, tuliyemwita mama mwalimu, alikuja na uji kwenye ndoo, akasimama ukingoni mwa shamba akalitazama.

"Si wewe unayewafundisha watoto kwamba anayetangulia peke yake anaumia?" alimuuliza.

"Ndiyo mimi."

"Sasa?"

"Sasa watajua nilikuwa nasema kweli."

Mama alicheka mpaka akaketi chini kwenye tuta. Mwaka ule walikula mahindi ya kununua. Kijiji nacho kilihama baadaye, lakini si kwa ajili yake. Bwana shamba aligawa mbegu bure, wote wakapanda siku zile zile. Mwalimu hakuona aibu hata kidogo. Alisema bwana shamba ni mwanahesabu mkubwa kuliko yeye, na alilisema bila kijembe.

Shamba lake la karanga ndilo lililomletea matatizo na mchungaji. Lilikuwa shamba refu, upande wa juu kuna mawe makubwa na upande wa chini kuna korongo, na ngedere walitokea pande zote mbili. Akikaa juu, wanaingia chini. Akishuka chini, wanaingia juu. Akatuletea jambo hilo Jumamosi, akachora shamba ubaoni na kutuuliza akae wapi. Tukabishana saa nzima. Mwisho akatuonyesha kwamba hakuna jibu la upande mmoja, kwa sababu upande wowote utakaouchagua, ngedere akiujua, atakwenda wa pili, na akienda wa pili wewe utataka kumfuata, na hamtulii kamwe. Pa kutulia papo, alisema, ila ni pa bahati nasibu: lazima hata wewe mwenyewe usijue utakwenda wapi.

Basi akatia mfukoni punje mbili za mahindi, moja nyeupe na moja ya njano. Kila alipotaka kubadilisha zamu alichovya vidole bila kutazama. Ikitoka nyeupe anapanda, ikitoka ya njano anashuka. "Kama mimi sijui niendako," alisema, "ngedere atajuaje?" Na kweli, wizi ulipungua. Lakini watu waliokuwa wanapita njiani walimwona mzee mwenye akili zake akichomoa punje mfukoni, akiitazama, kisha akigeuka ghafla na kwenda upande mwingine. Habari zikafika kanisani kwamba mwalimu anapiga ramli. Mchungaji alikuja nyumbani kwake kwa heshima zote, akanywa chai, akauliza kuhusu punje. Mwalimu alimweleza kwa kirefu, na kwa kalamu. Mama mwalimu alituambia kwamba mchungaji aliondoka akiwa ameelewa ramli tu, na akamwombea.

Mimi ni mtu wa kubisha, tangu utoto. Nyumbani Unyambwa baba yangu alisema nitaolewa na hakimu ili anishinde kwa sheria. Sasa siku ambayo mwalimu alituambia kwamba katika kila mchezo wa watu wenye idadi yenye mwisho, na chaguo zenye mwisho, lazima pawepo angalau mahali pamoja pa kutulia, hata kama ni pa bahati nasibu, nilinyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, kama papo, tuonyeshe."

"Siwezi kukuonyesha pa kila mchezo. Ninachoweza ni kukuthibitishia kwamba papo."

"Basi ni imani hiyo, siyo hesabu."

Kwetu mwanafunzi hamjibu mwalimu hivyo. Yeye akacheka, akaniambia niende kwenye geti la shule. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye mbio, akamtuma kwenye geti la hospitali, mwisho wa barabara. Tulitakiwa kuanza kwa wakati mmoja, mimi kwenda hospitali na yeye kuja shule, kila mtu kwa mwendo anaotaka. Aliwauliza waliobaki, "Watakutana?" Wakasema lazima. "Wapi?" Hakuna aliyejua. "Basi," akasema, "mmejua kitu kipo bila kujua kiko wapi, na wala hamkuhitaji imani."

Nilitembea. Nilisimama dukani nikanywa maji, nikaendelea. Nikafika geti la hospitali bila kumwona yule kijana. Nikarudi nimechoka na nimefurahi kuliko siku zote, nikamkuta ameshafika bwaloni anahema. Kumbe njiani alimwogopa mbwa, akakata kupitia mashamba ya watu, akatokea nyuma ya shule. Darasa liliangua kicheko. Nilidhani mwalimu atafedheheka. Yeye alikuwa anapiga makofi, machozi ya furaha yanamtoka, akamkumbatia yule kijana kama mwanawe. "Mnaona sasa masharti yanavyofanya kazi? Njia isikatike. Mtu asiruke. Ukiahidiwa kwamba kitu kipo, uliza kwanza kwa masharti gani." Sijawahi kumwona mtu akifurahia hivyo kushindwa mbele ya watoto.

Labda ni kwa sababu alizoea. Kila Jumapili jioni alicheza drafti na fundi baiskeli pale stendi, kwa vizibo vya soda, na kila Jumapili alifungwa. Mtu aliyeijua michezo yote ya dunia kwenye karatasi hakuweza kumzuia fundi kuingia kingi. Siku moja nilimsikia akimweleza fundi kwamba drafti ni mchezo wenye mwisho, kwa hiyo kati yao wawili yuko mmoja ambaye, angejua njia, asingefungwa kamwe. Fundi akala kete zake tatu kwa mkupuo na kumwambia, "Basi ni mimi huyo, mwalimu."

Kuna wakati alipewa kazi ya nidhamu. Wasichana wawili walitoroka kwenda gulioni, na mwalimu mwingine akashauri wahojiwe kila mmoja chumba chake, aambiwe kwamba mwenzake ameshasema. Mwalimu alikataa. Alisema hiyo si kutafuta ukweli, hiyo ni kuwachimbia shimo wasalitiane, kisha tuwalaumu kwa kuwa wasaliti. Akawaita pamoja, akawauliza pamoja, wakajibu pamoja, wakafagia uwanja wiki mbili pamoja. Kazi ya nidhamu walimnyang'anya muhula uliofuata. Maneno yake, ukimsema mtu vibaya mbele yake, yalikuwa haya: "Usiniambie ni mtu mbaya. Niambie amesimama wapi na anaona nini." Nimeyatumia maneno hayo kazini kwangu, mimi ni mpima ardhi Dodoma, na yamenisaidia zaidi ya vyeti vyangu.

Lakini alikuwa na kasoro, na kasoro yake ni kwamba hakujua kuomba. Baiskeli ikipata pancha Ulemo huko, aliisukuma mpaka nyumbani huku malori ya watu wanaomfahamu yakimpita, na akipigiwa honi alipunga mkono kama mtu anayefanya matembezi. Ukimuuliza kama amekula, amekula. Ukimuuliza kama anaumwa, alikuwa anaumwa jana. Mama mwalimu ndiye aliyekuwa anatuambia ukweli, kwa kunong'ona, mlangoni. Hawakujaliwa watoto. Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, tulikwenda wengi sana, tukajaa uwanja ule mpaka barabarani, na nakumbuka nikijiambia kwamba mzee huyu hatakosa mtu kamwe.

Mwezi wa tano mwaka huu kazi ilinipeleka Ihanja, kupima viwanja kandokando ya barabara kuu. Yule kijana wa Ihanja, ambaye sasa ni baba mwenye kipara na mashine ya kukamua alizeti, alinikaribisha chakula. Tulipomaliza kula nikamuuliza, "Mwalimu alipona vizuri macho?"

Akanitazama. "Mimi ndiye nilitaka kukuuliza."

"Uniulize mimi? Si wewe uliyempeleka?"

"Hapana. Nilimpigia, akaniambia kuna binti wa Dodoma anakuja Ijumaa. Nikajua ni wewe."

Wali ulibaki kwenye sinia. Akatoa simu, akampigia mmoja wetu aliyeko Manyoni. Huyo aliambiwa ni mtu wa Singida mjini. Tukampigia wa Singida mjini. Aliambiwa kuna nesi wa Kiomboi. Tulipiga simu saba, na katika zote saba kulikuwa na mtu anayekuja Ijumaa. Macho ya mwenzangu yalikuwa mekundu. Mimi nilitoka nje nikatapika chakula chote cha watu. Kesho yake asubuhi nilipanda basi.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti barazani, shati la mikono mirefu, uso ameugeuzia jua. Mfuko wa kifuani ulikuwa mtupu. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Nilipiga hodi, nikamwamkia.

"Marahaba. Nani?"

Nikamwambia. Akatabasamu upande ambao sikuwepo. "Mbishi. Karibu. Subiri nikupikie chai."

Nilitaka kumzuia lakini alishaingia ndani. Nikamtazama akihesabu hatua, mkono ukigusa ukuta, meza, jiko. Alijaza kikombe mpaka chai ikamwagika na kumwunguza, hakusema kitu, akafuta kidole kwenye suruali. Kitandani kulikuwa na shuka ambalo halijafuliwa siku nyingi. Jirani anamletea chakula mchana, aliniambia. Usiku hana njaa.

Nikashindwa kujizuia. "Mwalimu, kwa nini ulitudanganya?"

Alikaa. "Wa kwanza kupiga nilimwambia yuko mtu, nisimsumbue, ana watoto wadogo. Nilijua wa pili atapiga, na huyo nitamwambia ukweli. Wa pili akapiga akiwa safarini. Wa tatu nikaona haya. Baada ya hapo, binti, nilikuwa nimeshasema mara tatu."

"Na sisi themanini na tatu tukakaa."

"Msilaumiane. Hilo nililifanyia hesabu hapa barazani, kichwani, maana kuandika siwezi. Mngekuwa wawili, kila mmoja angeogopa kwamba mwenzake hatakuja, na mmoja angekuja. Mkiwa themanini na tatu, kila mmoja ana sababu themanini na mbili za kukaa." Akaanza kuchangamka, mikono ikachora hewani kama iko ubaoni. "Na angalia, pa kutulia papo pengi tu. Mmoja aje, wengine wakae: hapo pametulia, hakuna wa kuhama. Ni mahali themanini na tatu, pamoja kwa kila jina. Pote ni halali. Shida ni kwamba hesabu haisemi ni jina lipi. Mkikosa wa kuwachagulia, kila mtu anachovya punje mfukoni, na kadiri mnavyoongezeka ndivyo—"

"Mwalimu, usinifundishe," nilisema. "Nakuomba. Leo usinifundishe." Nililia mbele yake kama mtoto, na hakuona, mpaka aliposikia.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Nikaomba ruhusa kazini, nikafua mashuka, nikamwongoza kwa mkono mpaka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama kwa taa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. La kulia ni mtoto wa jicho, litapasuliwa, ataona. La kushoto, lililokuwa linafifia tu, lilikuwa na presha ya macho. Hilo limekwisha, mshipa umekufa, halirudi. Akaniuliza limeanza lini. Nikamwambia mwaka jana. Akasema, bila kunigombeza, kwamba mwaka jana dawa za matone tu zingelizuia. Ningependa angenigombeza.

Nilimweleza mwalimu mwenyewe, kwa sababu alitaka kujua. Akaitikia kwa kichwa. "Moja linatosha kusoma," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ningependa mawili," na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitamani kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Walimpasua Jumatano. Alhamisi wakamtoa bandeji. Alipepesa lile jicho, likalengwalengwa na machozi, akautazama ukuta, akaitazama mikono yake pande zote mbili, kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe umezeeka," alisema.

Nilicheka mpaka muuguzi akaja. Tulirudi nyumbani Ijumaa. Dawa ni matone mara nne kwa siku kwa wiki nne, na yeye mikono inatetemeka, hawezi kulenga jicho. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha Jumapili, na hilo alilijua. Sikumwambia chochote kuhusu Jumatatu, na yeye hakuuliza.

Jumamosi mchana simu yake iliita. Nilikuwa nimemaliza kumtia matone, ameinamisha kichwa nyuma. Alibonyeza, na kwa kuwa huwa anaweka sauti ya nje, nilisikia yote. Alikuwa mmoja wetu, mwanamume, anafundisha sekondari huko Mkalama.

"Shikamoo mwalimu. Nimesikia wamekupasua. Pole sana. Una mtu hapo wa kukuangalia?"

Mwalimu aliinua kichwa. Akanitazama kwa jicho lile moja, jekundu, linalochuruzika dawa. Niliona midomo yake inaanza, nikajua neno linalokuja, nikakaza chupa mkononi.

"Marahaba," alisema. Akanyamaza muda mrefu mpaka mwenzetu akaita, haloo, mwalimu? "Hapana, mwanangu. Aliyepo anaondoka kesho. Kuanzia Jumatatu sina mtu. Njoo."

"Mimi, mwalimu?"

"Wewe. Sijamwambia mwingine."